Ngazi Iliyofungiwa Stoo

Wanangu mnaoanza kazi za utafiti, hasa nyinyi mabinti, nimeombwa niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nimechana karatasi. Nilichonacho ni hasira, na hasira hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wenu. Basi nitawaandikia hiyo, tena kwa utaratibu, maana kazi yangu maisha yote ilikuwa kuandika nilichokiona, si nilichotamani kukiona.

Nilianzia Likoni, miaka ile ya vita vya Wazungu, kwenye stesheni ndogo ya utafiti wa minazi. Palikuwa na ofisi ya mabati, stoo moja yenye kufuli kubwa, na shamba lililogawanywa mafungu kwa kamba. Kila mti ulipigwa nambari kwa rangi nyeupe. Taabu iliyowaleta watafiti pale ilikuwa moja: minazi ya pwani ilikuwa inaangusha vidaka.

Kwa mliotoka bara, nazi haianzi nazi. Inatoka kwenye upunga, lile shada la maua ya mnazi, ikiwa kidaka, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ndipo iwe kitale, halafu dafu, halafu koroma, na mwisho nazi ya kukuna. Mti ukiangusha vidaka vyake, mwenye shamba anabaki na nguzo yenye majani. Kwetu sisi wa Likoni, ambao mnazi ndio uliotulisha na kutuezekea nyumba, hilo halikuwa jambo la kusoma vitabuni.

Mie niliajiriwa kufagia. Hivyo ndivyo karani alivyoandika: Mejumaa binti Salim, mfagiaji. Kila asubuhi nilikusanya vidaka vilivyoanguka chini ya kila mti, nikavihesabu, nikamtajia karani, kisha nikavitupa shimoni. Karani huyo aliitwa Elija, mtu wa Rabai aliyesomea misheni. Alikuwa amepanga chumba Chaani, na alifika Likoni kila siku kola yake imenyooka kama jana yake haikuwepo. Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlijue hilo mapema, kwa sababu madhara mengi niliyoyaona kazini hayakufanywa na watu wabaya. Yalifanywa na watu waliokuwa wakifuata daftari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuhesabu tu. Miezi mizima nilihesabu, nikijiona hodari. Ami yangu Mbwana, ndugu wa baba, alikuwa mkwezi wa stesheni, yeye na kamba yake ya miguuni na panga kiunoni. Siku moja alinisimamia akiniangalia.

"Mejumaa, unafanya nini?"

"Nahesabu, ami."

"Unahesabu maiti. Umewauliza wamekufa kwa nini?"

Akachukua vidaka viwili akaviweka kwenye kiganja changu. Kimoja kilikuwa kimekatika kikavu kwenye kikonyo, safi. Cha pili kilikuwa na doa dogo la kahawia ubavuni, na utomvu umeganda juu yake kama gundi. "Hiki kimeachwa na mama yake," akasema, akinionyesha kile kisafi. "Mti ukizaa vingi huviacha vingine. Lakini hiki kimechomwa. Tafuta aliyekichoma."

Tangu siku hiyo nilitenga vikapu viwili. Na kwa kuwa Elija aliandika idadi moja tu kwa kila mti, hakutaka habari ya vikapu viwili, nilianza kuandika mwenyewe. Nilikuwa nimesoma Kurani chuoni kwa mwalimu, kwa hiyo niliandika Kiswahili changu kwa herufi za Kiarabu, kama mama zetu walivyoandikiana barua. Nilinunua daftari, nikachora mistari, nikapanga: nambari ya mti, vilivyochomwa, visafi, hali ya hewa, na safu moja ya mwisho niliyoiita "mengineyo".

Elija aliliona daftari lile siku moja akalipindua huku na huku.

"Dada Mejumaa, hizi ni hirizi?"

"Ni hesabu."

"Hesabu gani inaanzia kulia?"

"Inayojua inakokwenda."

Alicheka, nami nikacheka. Laiti ningejua kicheko kile kitanigharimu nini, ningemkalisha chini siku ileile nimsomee ukurasa kwa ukurasa. Hilo ndilo kosa langu la pili, na liandikeni mahali: usikubali kazi yako ifanyiwe mzaha hata na mtu unayempenda, kwa sababu mzaha ndio unaobaki kwenye kumbukumbu za ofisi.

Safu ya "mengineyo" ndiyo iliyozaa. Nilikuwa nikiandika humo kila nilichokiona juu ya mti: kunguru, ukungu, viota vya maji moto. Maji moto ni wale chungu wekundu wanaoshona majani yakawa nyumba, na jina walipewa na mtu aliyewahi kuumwa nao. Baada ya msimu mmoja nilikaa na daftari langu chini ya banda la makuti nikafuatisha kwa kidole. Miti yenye maji moto ilikuwa na kikapu chepesi cha vilivyochomwa. Miti isiyo na maji moto, kikapu kizito. Nikafuatisha tena kutoka mwisho kurudi mwanzo, nikidhani nimejidanganya. Sikuwa nimejidanganya. Kulikuwa na mdudu anayevichoma vidaka, na chungu hao walikuwa wakimfukuza.

Na sisi tulikuwa tukiwaua chungu hao. Kila mkwezi, kabla ya kukwea, alikata viota akavitupa chini, kwa sababu nani anataka kuumwa akiwa ananing'inia? Ami Mbwana mwenyewe nilipomweleza alisema, "Kwa hiyo muuaji ni mimi." Na hakuwa anatania.

Sasa niwaambie habari za Memsabu. Bwana Mkubwa wa stesheni alikuwa Mzungu mrefu, mtaalamu wa wadudu. Mkewe naye alikuwa mtaalamu wa wadudu. Walisoma chuo kimoja, na Bwana mwenyewe alikuwa akisema mbele za watu, kama mtu anayesifia mpishi wake, kwamba mkewe alimshinda mitihani. Lakini serikali yao haikuajiri mwanamke aliyeolewa. Basi alikaa barazani na hadubini, akichora wadudu kwa kalamu nyembamba, mbawa kwa mbawa, unywele kwa unywele, na mumewe akiweka sahihi chini. Niliiona sahihi hiyo mara nyingi, kwa sababu mie ndiye niliyepangusa meza.

Nilipeleka daftari langu kwake kwanza. Alijua Kiswahili kuliko mumewe. Nilimsomea, naye akaniuliza maswali ya mtu anayejua: je, miti yenye chungu iko upande mmoja wa shamba? Je, ina umri mmoja? Nilikuwa na majibu. Akaniitia Bwana.

Bwana Mkubwa hakuwapenda maji moto. Wiki chache kabla alikuwa ameegemea mti wa ishirini na tatu akimweleza mgeni habari za udongo, chungu wakaingia mguuni mwa suruali, akalazimika kukimbilia nyuma ya stoo kuivua. Tangu siku ile alikuwa anatafuta sababu ya kuwaangamiza. Na sababu ilikuwa imepatikana: wakubwa kutoka Nairobi walikuwa wanakuja kukagua, na shamba lote lilitakiwa lichomwe viota kwa mienge ya makuti siku ya Jumamosi.

"Bwana," nikamwambia, "ukichoma, hesabu yangu yote imekwisha. Hakutakuwa na mti wa kulinganisha."

"Mdudu wapi?" akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. "Wewe nasema iko mdudu. Mimi hapana ona. Lete mdudu. Kama naleta mdudu, mimi naandika wewe msaidizi wa utafiti. Kama hapana leta, Jumamosi choma."

Memsabu alikuwa amesimama pale. Aliisikia ahadi ile neno kwa neno. Ilikuwa Jumatatu.

Msidhani nililala nikiota cheo. Nilitaka meza. Nilitaka kukaa mbele ya ile hadubini nikiwa nimeketi, si nikiwa nimeshika kitambaa. Hiyo ndiyo haja yangu yote, na nilikuwa na siku tano.

Mdudu huyo hakuna aliyewahi kumwona kwa sababu ya namna tulivyofanya kazi. Mkwezi hupanda kwa kishindo, panga linagonga, makuti yanatikisika. Mdudu mwenye mbawa hangoji. Nikafikiri: alfajiri, kabla jua halijapasha, wadudu wanakuwa wazito. Mtu akipanda polepole, bila panga, atamkuta. Ami alipanda Jumanne na Jumatano, kwa upole wote, maskini. Lakini macho yake ya karibu yalikuwa yamekwisha. Aliniletea mende. Aliniletea mbawakavu. Jumatano akaniletea chura.

"Ami, huyu ni chura."

"Alikuwa anaangalia kidaka kwa jicho baya."

Basi nikaomba ngazi. Stesheni ilikuwa na ngazi nzuri ya mbao, ya vipande viwili vya kuunganisha, iliyoletwa kwa meli. Miti ya safu ya mwisho, ile isiyo na maji moto, ilikuwa bado mifupi, na ngazi ile ingefika kichwani bila kutikisa jani. Nikaenda kwa Elija Alhamisi.

"Ngazi ni kwa matumizi ya wataalamu," akasema. "Imeandikwa."

"Wiki iliyopita ilitumika kufunga ua la Memsabu ukutani."

"Kwa amri ya mtaalamu."

"Elija, ndugu yangu, ni saa moja tu. Alfajiri. Nitairudisha kabla hujavuka feri."

Aliniangalia. Niliona anataka. Mkono wake ulifika hata kwenye ufunguo. "Ukianguka," akasema, "nitaandika nini? Mfagiaji ameanguka kwenye ngazi ya wataalamu. Wataniuliza alikuwa anafagia nini juu ya mti." Akarudisha mkono. Nikaenda kwa Memsabu. Akasema ngazi si mambo yake, atamwuliza Bwana akirudi kutoka mjini. Bwana alirudi, na sikusikia neno.

Kwetu mwanamke hakwei mnazi. Si sheria, ni zaidi ya sheria: ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria hata alikataze. Wakwezi wengine walidai mti uliokwewa na mwanamke hauzai tena. Nilipomwambia Ami Mbwana ninakusudia kukwea mwenyewe, alikaa chini.

"Baba yako ataninyima salamu."

"Ami, chungu wanachomwa keshokutwa."

 Halafu akafungua kamba yake ya miguuni akaanza kuifupisha kwa kipimo cha mguu wangu.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, nilijifunga kikoi cha ami nikakipitisha katikati ya miguu, nikajitanda kanga mabegani. Akanionyesha mara moja tu: mikono inavuta, miguu inasukuma, usitazame chini, na usiwe na haraka na mti. Vidato vilikuwa vimekatwa kwenye shina mpaka juu, mguu ukapata pa kukanyaga. Kisha, kwa heshima yangu, akanigeuzia mgongo. Alisimama muda wote ule akiitazama stoo iliyofungwa, iliyokuwa na ngazi ndani yake.

Katikati ya mti kidato kimoja kilikuwa kimeoza. Nikateleza, gome likanichuna muundi kutoka goti mpaka kifundo. Kovu ninalo. Sikupiga kelele, si kwa ushujaa, bali kwa hofu ya kumshtua mdudu.

Nikafika. Nikavuta pumzi polepole. Na pale, juu ya kidaka cha ukubwa wa yai, alikuwa ameketi: mwembamba, wa kahawia, miguu mirefu, mfano wa kunguni aliyenyooshwa, na mdomo wake umezama ndani ya kidaka kama sindano ya daktari. Nilikuwa nimebeba kichupa shingoni kwa uzi. Nikamfunika. Nikawapata watatu.

Nilipoanza kushuka palikuwa na wanawake wanne njiani na madebe ya maji, wamesimama.

"Huyo si Mejumaa wa Salim?"

"Ndiye. Mwacheni, labda amemfuata mume."

"Mume gani anakaa kwenye mnazi?"

"Afadhali wa mnazini kuliko wangu wa kitandani."

Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka mara ya pili. Wallahi, kicheko hicho ndicho cha mwisho nilichokicheka wiki ile.

Bwana Mkubwa alikishika kichupa akakiinua kwenye mwanga. Niliona furaha ya kweli. Mienge ilisimamishwa. Memsabu aliketi siku mbili akichora mdudu yule, na mie nilimtajia kila nilichokiona kule juu: ameketi vipi, mdomo umeingia upande gani, doa linachukua muda gani kutoka. Wakubwa wa Nairobi walifika, wakapongeza, wakaondoka na ripoti iliyopigwa chapa.

Elija ndiye aliyeniambia yaliyoandikwa. Aliniita kando, kola yake siku hiyo imelegea. Mdudu aligunduliwa na Bwana Mkubwa, kwa msaada wa mkwezi Mbwana. Michoro, ya Bwana Mkubwa. Daftari halikutajwa; palipotakiwa kumbukumbu za shambani, paliandikwa kuwa kumbukumbu zilizokuwepo ni jumla za karani.

Nikaenda moja kwa moja barazani. "Bwana, ulisema utaniandika."

"Wazee nakuja hapa, nalalamika," akasema. "Mwanamke hapana panda mnazi. Nairobi hapana amini. Mimi naandika Mbwana. Mbwana iko ami yako. Yote moja."

Yote moja. Nimeyasikia maneno hayo tangu wakati huo kwa Kiingereza safi na kwa Kiswahili cha vyuo vikuu, kwenye ofisi zenye feni na zenye mazulia. Ni matokeo ya timu. Jina si muhimu. Sote tunajenga taifa. Angalieni vizuri, wanangu, mtaona kwamba asemaye hivyo jina lake tayari limeandikwa.

Nilimgeukia Memsabu. Aliisikia ahadi. Alikuwa na kalamu mkononi. Alisema kwa sauti ndogo, "Ndivyo ilivyo, Mejumaa. Hata mimi." Watu wengi niliowasimulia humwonea huruma hapo. Mie sikumwonea, na mpaka leo simwonei. Neno moja tu lilitakiwa litoke kwake, na angelisema kwa mumewe, si kwa simba. Aliyedhulumiwa akimnyamazia mwenziwe, dhuluma imepata mfanyakazi mpya bila hata kumwajiri.

Ami Mbwana ndiye aliyepewa cheo. Alikwenda kwa Elija akasema, "Mimi nilikuwa chini, tena nimegeuka." Akaambiwa imeshapigwa chapa. Akapewa koti la kaki na kiti. Na hapo ndipo ilipoanza michezo ya kuigiza iliyodumu miaka. Kila asubuhi Bwana alimwuliza swali, Ami akasema, "Ngoja nikatazame," akazunguka nyuma ya banda kuniuliza mie. Nikamjibu. Akarudi akajibu. Mara nyingine alisahau njiani, akarudi tena.

"Umesema wanataga juu au chini?"

"Kwenye upunga, ami."

"Aibu hii itaniua kabla ya uzee."

Haikumwua, lakini koti lile hakuwahi kuvuka nalo kizingiti cha nyumbani. Alilining'iniza kwenye mwembe wa stesheni kila jioni, likanyeshewa.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, nafasi yangu ya kufagia akapewa mwingine, na hesabu ikavurugika kwa msimu mzima, vikapu vikachanganywa. Nilirudi kabla ya kupona sawasawa, mtoto nikamlaza kwenye kikapu cha vidaka. Hakuna aliyenikataza na hakuna aliyenisaidia. Siku moja mtoto alinyakua kidaka kilichochomwa akakitia mdomoni. Nikaacha kazi nikakimbia. Bwana akaandika, hilo aliliandika, kwamba wafanyakazi wa kike hawatulii.

Na mti ule nilioukwea? Nambari yake sitaisahau. Tulihamishia viota vya maji moto kwenye safu ile, kama nilivyoshauri kupitia kinywa cha ami. Ukazaa kuliko mingine yote ya safu, msimu hadi msimu. Wakwezi waliosema hautazaa tena waliziangua nazi zake wenyewe. Nilikuwa nikienda kusimama chini yake kuwahesabia kwa sauti.

Cheo cha msaidizi nilikipata baada ya Uhuru, nikiwa na wajukuu. Hadubini nilikaa mbele yake hatimaye, lakini macho yangu ya karibu yalikuwa yameanza kwenda njia ya macho ya ami. Hicho ndicho kitu ambacho hakuna tafrija inayoweza kukilipa. Mkimcheleweshea binti nafasi mkisema angoje, kumbukeni macho hayangoji.

Siku ya kustaafu waliniuliza ninataka zawadi gani. Walikuwa wameandaa saa ya ukutani. Nikasema nataka ngazi. Mkuu wa kituo, mwanetu kabisa, mtu wa Kisauni, alicheka.

"Bibi, shikamoo yako, lakini ngazi ya nini na miguu hiyo?"

"Sitaki kwenda nayo. Nataka itoke stoo."

Ilikuwa bado humo, vumbi limeigandia, vipande vyote viwili. Nikaiegemeza ukutani nje ya maabara, chini ya paa isinyeshewe. Kwa rangi nyeupe iliyobaki ya kupigia nambari za miti niliandika ubavuni jina langu lote na jina la baba yangu, kwa herufi za Kiarabu upande mmoja na za Kizungu upande wa pili, asije mtu tena akaniambia hakuweza kusoma.

Majuzi binti mmoja mtafiti alikuja kunitazama. Nilimwuliza ngazi ipo? Akasema ipo, ila mkuu mpya ameirudisha stoo, kwa usalama, na kuitoa kunahitaji sahihi ya mtafiti mwandamizi. Watafiti waandamizi wako wanne. Nikamwuliza wanawake ni wangapi. Akasema hayupo hata mmoja.

Basi sikiliza, wewe unayesoma. Chukua shoka uvunje kufuli hilo, mchana, watu wakiona. Wakikuuliza nani amekuruhusu, wape jina langu. Liko ubavuni mwa ngazi. Simama hapo mpaka waliandike, kisha na lako wewe uliandike chini yake.